Ua la harufu ya kitunguu saumu: kiangazi hakiliui, masika huliua

Mwezi wa Februari hapa Arusha bustani nyingi za nyumbani hutia huruma. Nyasi zimekuwa rangi ya mkeka, mawaridi yamebaki miiba, na jioni mtu anasimama na ndoo moja ya maji akijiuliza aipeleke kwenye mchicha au kwenye maua. Kando ya njia yangu ya kuingilia getini kuna mmea ninaouita saumu ya maua, ambao wakati huohuo umesimama wima, majani membamba ya kijani chenye kijivu, na juu yake vishada vya maua ya zambarau iliyopauka. Wageni huinama kuutazama, huchuma jani, hulisugua kwa vidole, kisha hurudisha kichwa nyuma. "Mbona kitunguu saumu?"

Jirani yangu mmoja aliwahi kuja kunigongea asubuhi, muda mfupi baada ya mimi kufyeka majani makuukuu ya mmea huo. Alidhani mtungi wangu wa gesi unavuja. Hakuwa mbali na ukweli. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu; huongezewa kiasi kidogo cha kemikali yenye salfa ili ikivuja pua zetu zitambue. Na salfa ndiyo inayosikika kwenye mmea huu jani lake likivunjika.

Naandika kwa sababu ya malalamiko ninayoyasikia kila mwaka. Mtu ananunua mche kwenye kitalu cha kando ya barabara, anaambiwa "huu hauhitaji maji", anaupanda Januari na kuusahau, wiki ya tatu umekauka. Mwingine anaupanda vizuri, unashika, unatoa maua, halafu Aprili mvua zikiwa zimeshamiri unaanza kulegea, majani yanakuwa ya njano, ukiuvuta unatoka mkononi ukiwa umeoza chini. Wote wawili huona wamedanganywa. Ukweli ni kwamba wameelezwa nusu ya jambo, na nusu iliyobaki ndiyo ngumu kidogo.

Kwa Kiswahili sijakutana na jina moja linalotumiwa na wote, ndiyo maana nauita saumu ya maua. Jina lake la kisayansi ni Tulbaghia violacea. Neno la kwanza linamkumbuka Ryk Tulbagh, gavana wa Rasi ya Tumaini Jema kuanzia 1751 hadi kifo chake mwaka 1771, ambaye alikuwa akimpelekea mwanasayansi Linnaeus mimea ya huko. La pili ni Kilatini, linaeleza rangi ya ua. Kwao ni Afrika Kusini, hasa Rasi ya Mashariki na KwaZulu-Natal, ambako huota kwenye nyasi na penye miamba. Wazulu huuita isihaqa. Ni wa ukoo mmoja na kitunguu maji na kitunguu saumu cha jikoni, lakini si kitunguu saumu, wala hauwezi kugeuka kuwa kitunguu saumu hata ukiutunza miaka kumi. Usisubiri vichwa vyenye punje. Chini yake utakuta shina nene lililovimba mfano wa tunguu dogo, na mizizi minene myeupe.

Tuanze na harufu, maana ndiyo inayoelezwa vibaya kuliko yote.

Chukua punje nzima ya kitunguu saumu, iliyomenywa bila kukwaruzwa, uinuse. Harufu ni hafifu. Itie kwenye kinu, piga mara moja, nyumba nzima inajua. Kwa nini? Ndani ya punje kuna vitu viwili vilivyowekwa mbalimbali: kemikali yenye salfa iitwayo aliini, ambayo haina harufu, na kimeng'enya kiitwacho aliinasi. Vinakaa katika vyumba tofauti vya seli kama viberiti na mafuta ya taa katika nyumba ya mtu mwangalifu. Ukiponda, kuta zinavunjika, vinakutana, na mara moja inazaliwa alisini, yenye ule ukali tunaoujua. Ndiyo maana pia punje ikichemshwa nzima inakuwa laini na tamu: joto limekiharibu kimeng'enya kabla hakijakutana na mwenzake.

Saumu ya maua inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo ila kwa malighafi nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kemikali yake ya msingi ni marasmini, ambayo jina lake limetokana na Marasmius, jenasi ya uyoga yenye aina inayonuka kitunguu saumu. Jani likikatwa, kimeng'enya kinaivunja marasmini na kutoa mchanganyiko wa salfa ambao kwa pua yangu ni mzito kuliko saumu ya jikoni, na hudumu zaidi mikononi.

Kutokana na hilo utaelewa tabia ya mmea huu bustanini. Usipoguswa, unakaa kimya. Mbuzi akipita, mtoto akiukanyaga na mpira, mvua ya mawe ikiupiga, panga likipita, harufu inapanda. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, maana tuna kunuka na tuna kunukia. Mtu aliyezoea kukaanga kitunguu saumu kila siku atasema mmea unanukia. Mwingine atasema unanuka na kuapa hatauona tena dirishani kwake. Wote wana haki, kwa hiyo usiupande chini ya dirisha la chumba cha kulala, wala pembeni kabisa ya kibaraza cha kupumzikia ambako miguu ya watu itaugusa kila saa.

Lakini mmea hautengenezi sumu za salfa kwa ajili ya kutupendeza au kutuudhi. Hapa ndipo harufu na ukame vinapokutana, na kwangu mimi hiki ndicho kiini cha habari yote. Mmea unaoishi kwenye nyasi zenye msimu mrefu wa ukavu lazima uweke akiba: maji na chakula, ardhini, mahali ambapo jua halifiki. Saumu ya maua ina kihenge chake pale chini, katika lile shina lililovimba na mizizi ile minene. Kihenge kilichojaa wakati wa njaa kinavutia kila mwenye meno: panya, fuko, nguruwe pori, mdudu. Harufu ni mlinzi wa kihenge. Anayeuma anapata mdomo unaowaka, anaacha.

Sasa fikiria maana ya "kustahimili ukame". Mimea ina njia mbalimbali za kuishi na uhaba wa maji, na sisi huzitia zote katika gunia moja. Mahindi ya muda mfupi hukwepa: hukimbia kukomaa kabla mvua hazijakatika. Mkonge hubana: vitundu vya majani yake hufunguka usiku badala ya mchana, ili maji yasipotee juani. Saumu ya maua hutegemea akiba. Majani yake membamba hayapotezi maji mengi, na hali ikizidi kuwa mbaya huyaacha yakauke, hurudi chini kwenye kihenge, na kungoja. Mvua ikirudi, huchipua.

Ukishaelewa hivyo, kifo cha mche wa Januari hakina ajabu. Mche uliotoka jana kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, una kihenge kitupu. Mizizi yake imezunguka ndani ya udongo wa kiriba tu, haijaingia kwenye ardhi yako hata kidogo. Kuuambia mmea huo ustahimili ukame ni sawa na kumwambia mtu aliyehamia leo aishi kwa mavuno ya mwaka jana. Wiki sita hadi nane za kwanza unywe maji mara mbili au tatu kwa wiki, kila mara udongo wa juu ukiwa umekauka. Msimu wake wa kwanza wote uutazame kama mtoto. Msimu wa pili ndipo utaona sifa zake.

Na hata hapo, kustahimili kiangazi si sawa na kuchanua kiangazi. Mmea uliokomaa usiopewa tone kuanzia Juni hadi Oktoba pengine utaishi, ila majani yatapungua na maua yatakuwa ya kuhesabu. Ukitaka rangi ile ya zambarau wakati majirani wana vumbi, mpe maji ya kutosha mara moja kila siku kumi hadi kumi na nne. Ya kutosha maana yake yazame. Lita moja juu ya mita moja ya mraba ni sawa na milimita moja ya mvua. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 katika mita moja ya mraba ni mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya maana. Kurashia lita mbili kila jioni kunalowesha vumbi, mizizi inabaki juu juu, na mmea unazoea kuomba.

Kifo cha Aprili ndicho kinachowashangaza watu zaidi. Imekuwaje mmea usiogopa jua la Februari ukafa kwa mvua? Mizizi hupumua. Katika udongo mzuri kuna nafasi ndogondogo zenye hewa, na mizizi huchukua oksijeni humo. Maji yakizijaza zote, oksijeni ya kutoka juu inapenya polepole mno, maana mwendo wake ndani ya maji ni karibu mara 10,000 pungufu ya mwendo wake ndani ya hewa. Mzizi mnene uliojaa akiba ukikosa hewa siku kadhaa, seli zake zinakufa, na vimelea vya kuozesha vinaingia kwenye chakula kilichoandaliwa. Mlinzi aliyewekwa kufukuza panya hawezi kuzuia mafuriko ghalani. Basi kile kinachouokoa kiangazi, yaani ule unene wa chini, ndicho kinachooza kwanza masika.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua mche liwe juu ya ardhi yako: maji yakiingia, yanatoka? Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena. Yakiisha ndani ya saa chache, panda bila wasiwasi. Ukiyakuta bado yamesimama kesho yake asubuhi, usipande hapo usawa wa ardhi.

Wanaoishi kwenye miteremko ya Meru, juu kule Ilboru, Sekei au kuelekea Ngaramtoni, kwa kawaida wana udongo wa volkeno ulio mwepesi, unaopitisha maji vizuri, na wana bahati. Anayeishi tambarare penye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika kama ulimbo, anyanyue tuta la sentimita 20 hadi 30, achanganye na changarawe au vipande vidogo vya mawe ya volkeno, na apande juu yake. Kuchimba shimo kwenye udongo huo mzito na kulijaza mchanga mzuri hakusaidii. Umetengeneza beseni, maji ya kiwanja kizima yatakusanyika humo. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, na lilinigharimu miche tisa kwa mwezi mmoja.

Moshi habari inabadilika kidogo. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, Moshi mjini ni kati ya 800 na 900, na kila ukishuka mita 1,000 joto huongezeka kwa takriban nyuzi sita za Selsiasi. Ndiyo kusema bustani ya Pasua au Majengo ina joto zaidi ya yangu kwa kama nyuzi tatu, udongo unakauka upesi, na siku kumi zangu za kumwagilia huko ziwe saba. Ukipanda Marangu au Kibosho, juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mvua zenyewe zinatosha sehemu kubwa ya mwaka, na tatizo linakuwa kivuli.

Kivuli kimempa shida shangazi yangu wa Moshi, ambaye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kina migomba, kahawa na miti juu yake. Nilimpelekea vipande vitatu, akavipanda chini ya migomba kwa upendo wote, akaviwekea samadi. Miaka miwili vikatoa majani mazuri, marefu, laini, na hakuna ua hata moja. Alinipigia simu: "Mwanangu, ulinipa nyasi?" Tukavihamishia mpakani, mbele ya masale, ambako jua linapiga kuanzia asubuhi hadi alasiri. Msimu uliofuata vilichanua. Mmea huu unataka jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi. Samadi nyingi nayo ilichangia: naitrojeni ikizidi, mmea unajenga majani na kusahau maua. Kiganja cha mboji au samadi iliyoiva wakati wa kupanda, na tena mara moja kwa mwaka, kinatosha kabisa kwenye udongo wetu.

Kupanda kwenyewe ni rahisi. Kati ya mche na mche acha sentimita 30, shingo ya mmea ibaki usawa wa udongo au chini yake kidogo tu. Weka matandazo ya majani makavu ya mgomba au maganda ya kahawa, lakini yasiikumbatie shingo.

Wakati gani? Hapa intaneti inawapotosha wengi. Maelekezo mengi yanasema upande baada ya baridi kali kuisha na uhamishie ndani kabla ya majira ya theluji. Hayo yameandikwa kwa ajili ya nchi ambazo ardhi huganda. Baridi yetu ya Julai, hata ile inayotufanya tuvae makoti asubuhi, haiudhuru mmea ambao kwao huvumilia jalidi nyepesi. Kalenda yetu ni ya mvua. Mimi hupendelea kupanda vuli zinapoanza, Novemba, kwa sababu mvua zake si za kufurika, na mmea unaingia kiangazi kifupi cha Januari ukiwa na mizizi. Mwanzo wa masika, Machi, nao unafaa penye mteremko. Kwenye udongo mzito kupanda Aprili ni kuutuma mmea ukaoze.

Kuhusu maua pia, vitabu vya nje hutaja miezi fulani. Sisi tuko karibu na ikweta, tofauti ya urefu wa mchana kati ya siku ndefu na fupi Arusha ni chini ya nusu saa, na mmea haupati ishara kali za majira. Kwangu huchanua karibu mwaka mzima, hupungua Juni na Julai mawingu yanapotanda, na hupamba moto mvua za vuli zikishapita. Kila kikonyo hupanda hadi nusu mita au zaidi kidogo na kubeba kishada cha maua madogo ya petali sita, yenye umbo la nyota. Kata kikonyo kikishanyauka. Nyuki na vipepeo huyapenda, na hiyo peke yake kwangu ni sababu tosha ya kuutunza.

Ukiupanda kwenye chungu au ndoo iliyotobolewa utaonekana vizuri barazani, lakini punguza matumaini ya ukame: udongo ni mchache, unapata joto pande zote, na maji hukauka haraka. Mmea wa chungu utaumwagilia kila wiki, pengine mara mbili.

Sasa madai. Inasemwa mmea huu unafukuza nyoka, na ni kweli kwamba Wazulu wamekuwa wakiupanda kuzunguka nyumba kwa imani hiyo. Mimi siwezi kumwambia mzazi aache kufyeka nyasi na kuondoa marundo ya mbao kwa sababu ana saumu ya maua getini. Vivyo hivyo mbu. Mmea uliotulia hautoi harufu, tumeona kwa nini, kwa hiyo hauwezi kuwa ukuta dhidi ya mbu wa usiku kucha. Malaria ina chandarua na ina dawa. Anayeuza miche kwa kuahidi usalama wa malaria anafanya jambo la hatari, na inanikera kulisikia.

Kula? Afrika Kusini majani na maua huliwa, na mizizi imetumika katika tiba za jadi za mafua, homa na matatizo ya tumbo. Ukizidisha, tumbo lenyewe hulalamika. Maua machache kwenye kachumbari yana ladha nzuri ya saumu. Ila mche uliotoka kitaluni huenda umepuliziwa dawa za wadudu, usiule, subiri majani mapya yaliyoota kwako. Wala usiugeuze dawa ya mgonjwa nyumbani.

Kuna tahadhari moja ninayotamani ishike kuliko zote. Katika ukoo huuhuu mpana wamo ndugu wenye sumu kali. Lile ua jekundu la duara kama mpira linalochomoza ardhini mvua zinapoanza, Scadoxus multiflorus, ni mmoja wao, na tunguu lake chini linafanana na kitunguu. Jaribio la kuponda jani na kunusa linasaidia, kwa sababu wao hawana harufu ya saumu, lakini lina mtego: ukishashika saumu ya maua, vidole vyako vitanuka saumu, na jani lolote utakaloponda baadaye litaonekana nalo linanuka. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kunusa la pili. Penye shaka, usiweke mdomoni, na watoto wafundishwe hivyo mapema.

Baada ya miaka mitatu hivi mmea huwa umezaa pembeni, kama mgomba unavyozaa machipukizi, umebanana na maua yamepungua. Oktoba, kabla ya vuli, ninauzungushia jembe uma na kuung'oa wote, ninautenganisha kwa mikono katika vipande vyenye machipukizi matatu au manne, nafupisha majani kwa nusu ili yasinywe maji mengi wakati mizizi imejeruhiwa, na kuvifunga kwenye gazeti lenye unyevu. Hivyo vinavumilia siku moja au mbili njiani. Jirani yule wa mtungi wa gesi alichukua vinne mwaka uliopita. Amevipanda kwenye ukuta wa mbele, upande wa pili kabisa wa nyumba kutoka jikoni, ili harufu hiyo akiisikia karibu na jiko ajue moja kwa moja kwamba ni gesi inayovuja, afunge mtungi na kufungua madirisha.